Lori la Baba na Tetemeko la Njia ya Malaba

Mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, ilikuwaje safari ya kutoka Budalang'i hadi Malaba, njia ambayo mtu mwenye baiskeli nzuri huimaliza kwa siku moja, ikatuchukua mimi na Nabwire siku tatu kwenda tu. Nimechoka kuieleza vipande vipande, nusu dukani na nusu nje ya kanisa. Nimeiandika yote hapa, msomeane.

Wengi wenu mnajua mwanzo wake, lakini yupo asiyejua. Kwetu tulizaliwa wanne. Mimi Wandera ndiye kifungua mimba, Nabwire ananifuata, Ouma ni wa tatu, na Ajiambo ndiye kitinda mimba. Baba alipofariki niliacha shule darasa la sita, nikashika lori lake, lile la petroli alilolinunua kuukuu baada ya jeshi kulichoka. Mama naye hakukaa sana. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Wandera, watoto wangu walale nyumba moja." Lakini Ajiambo alikuwa na miaka mitatu, na mimi sikuwa na la kumpa. Senge Taaka, dada yake baba, ambaye hakujaliwa mtoto na ameolewa na mtu wa reli pale Malaba, akamchukua.

Mwaka jana nilikwenda kumrudisha. Lori lilitetemeka vibaya siku ile hata kabla hatujatoka mjini mtoto alikuwa ametapika na kupiga mayowe. Senge alitukimbilia, akamshusha. "Mtoto haendi na hii kitu," akasema. "Ukiitengeneza, rudi." Mwaka huu ikaja barua yake. Mume wake amehamishwa Kasese, mbali kule ng'ambo ya mpaka, na wanapanda treni ya Jumamosi alasiri. Nikitaka mtoto nije kabla. Lakini kama gari linatetemeka kama mara ile ya kwanza, nisijisumbue, atapanda naye.

Basi nililala chini ya lori siku mbili. Nilifungua propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, nikatoa krosi iliyolika, kile kiungio chake cha umbo la msalaba, nikaweka mpya. Kabla sijavirudisha vyuma, Nabwire akaosha lori lote pamoja navyo, juu na chini, kwa mchanga na majivu, maana kwetu ukienda kumleta mtu wa nyumbani huendi na chombo kichafu. Alisugua mpaka chuma ambacho hakijawahi kuona jua kikang'aa. Alhamisi alfajiri tukaondoka. Ouma alibaki na mbuzi.

Budalang'i hadi Sigalame

Mto ulikuwa umevunja kingo zake wiki ile, kama kawaida yake. Maji yalilala pande zote mbili za tuta, yametulia, na mawingu yalikuwa ndani yake. Tulikwenda polepole sana. Kulikuwa na wakati nilipoangalia pembeni na kuona lori letu likitembea kichwa chini juu ya anga, na Nabwire ndani yake, amekumbatia kikapu cha chakula, na mimi nimeshika usukani wa lori lile la chini. Nyumba moja ilisimama katikati ya maji, haina mtu, jogoo mmoja juu ya paa. Alituangalia tukija na akatuangalia tukienda.

"Wandera, unasikia?" Nabwire akasema.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo nasema. Haitetemeki."

Kweli. Injini ilinong'ona tu. Nilianza kumwona Ajiambo ameketi kati yetu, ingawa sikujua sasa ana sura gani. Nilimpa sura ya mama, nikaipunguza.

Tulipopanda kwenye ardhi kavu ya kwenda Funyula nikaongeza mwendo, na ndipo likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilianza kwenye nyayo, kama mtu anayevuma wimbo mdomo umefungwa. Likapanda magotini. Kioo cha pembeni kilichokuwa na picha safi ya milima ya Samia kikafanya milima iwe maji. Kijiko ndani ya kikapu kikaanza kugonga sufuria. Meno yangu yakagongana, nikapunguza mwendo, likaondoka. Nikaongeza, likarudi, palepale, kama mtu anayekungojea kwenye mlango mmoja.

 Nabwire alikitoa kile kijiko akakiweka mapajani.

Pale Sigalame tulisimama kula. Tulikuwa na samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali wa muhogo uliofungwa kwenye jani la mgomba. Bwana mmoja mwenye baiskeli na kofia ngumu aliegemea mlango wetu, akatazama chakula, akakaribishwa, akala, kisha akaniuliza lori lina shida gani. Nikamweleza.

"Moto unawahi," akasema, akilamba vidole. "Shemeji yangu anaendesha basi Kisumu. Mimi najua hizi vitu. Moto ukiwahi, gari inatetemeka. Chelewesha moto."

"Una hakika, mzee?"

"Kijana, nimekula samaki yako, nitakudanganya?"

Mama watano wenye vikapu vya muhogo walikuwa wamekaa kando ya njia wakingoja usafiri wa Busia. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akasema yule bwana hajui chochote. "Gari inatetemeka kwa sababu iko tupu. Mtu mwenye njaa hatetemeki? Tubebe sisi, utaona itanyamaza."

Nilikubali yote mawili, na hilo ndilo kosa la mtu ambaye ana haraka. Nililegeza distributa, kile kikopo kinachogawa moto kwa kila silinda, nikakizungusha upande aliouonyesha yule bwana, nikakaza. Kisha nikawapandisha wale mama na mihogo yao.

Sigalame hadi Busia

Mama mnene alikuwa na ukweli kidogo. Kwa mzigo ule tetemeko lilipungua. Lakini pia nguvu ilipungua. Kila kilima lori lilipanda kama mzee anayehesabu hatua. Maji ya rediata yakachemka kabla ya kijito cha kwanza, tukasimama, Nabwire akashuka na kopo kuchota. Kijito cha pili hali ileile. Kufika cha tatu wale mama nao walikuwa wamejua kazi, wanashuka bila kuambiwa, wanapanga mstari, wanapitishiana kopo wakiimba wimbo wa kanisa polepole, na jua la alasiri linapita katika mvuke unaotoka kwenye boneti. Nilikaa pale juu nikiwatazama kupitia ule mvuke, na nikasahau kwa muda kwamba nina safari.

Kwenye mteremko wa kuingia Busia niliachia mguu, na bomba la moshi likalipuka. Mlio kama wa bunduki. Mama wote watano waliruka nje, na mihogo ikafuata.

"Wanapiga risasi!" mmoja akalia, amelala shambani.

"Nani anapiga?" akauliza yule mnene kutoka kwenye kichaka.

"Ni gari, mama," nikasema. "Ni gari letu."

Alitoka kichakani na majani kichwani, akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "afadhali ile kutetemeka."

Walikataa kupanda tena. Walitembea kilichobaki, na kwa kasi tuliyokuwa nayo walifika Busia mbele yetu.

Busia, kwa Fundi Okiror

Ijumaa asubuhi tulimtafuta fundi. Mji ulikuwa umeamka mapema, kama miji ya mpaka inavyoamka. Matoke yalikuwa yakivuka kutoka upande wa pili juu ya baiskeli, mikungu imefungwa mpaka huwaoni wanaosukuma, unaona mikungu ya kijani inatembea peke yake katika ukungu. Mataniboi wa malori makubwa, wale wasaidizi wa madereva, walikaa kwenye kizuizi wakinywa chai. Tulipopita na ile milipuko yetu wakasimama wote, wakapiga saluti.

"Boss! Vita iliisha!" mmoja akaita.

"Mwache," mwenzake akasema, "hiyo gari inatoa hotuba ya uhuru."

Walituelekeza kwa Fundi Okiror, Mteso mwembamba anayefanya kazi chini ya mabati manne, hana ukuta. Alikuwa anakula kiporo cha ndizi. Nilianza kumwambia shida, akainua mkono.

"Kwanza keti. Dada, keti. Washa hiyo kitu uiache."

Tuliketi. Alifumba macho, akaendelea kula, huku lori likikohoa mbele yetu. Nilidhani amelala. Mara akasema, macho bado yamefungwa, "Nani alishika distributa?"

"Mimi."

"Nani alikuambia?"

"Mtu mmoja Sigalame. Ana shemeji anaendesha basi."

"Mwenye kofia ngumu?" Akafungua macho, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo mtu ananiletea kazi kila mwezi. Siku moja nitamnunulia soda."

Aliniambia atarudisha moto mahali pake, lakini anahitaji karatasi ya sigara, na yeye aliokoka, havuti. Nabwire akaenda kuitafuta. Alimkuta dereva mmoja mzee, Mkamba, amekaa kwenye ngazi ya lori lake, akamwomba sigara moja. Yule mzee akamtazama na gauni lake la kanisani, akaanza kumhubiria palepale. Msichana mzuri kama wewe, mapafu, mama yako atasema nini. Nabwire ni mtu wa aibu, hakuweza kumkatiza. Alisimama akasikiliza mahubiri yote, kisha akasema kwa upole, "Mzee, sitaki ya ndani. Nataka karatasi tu." Mzee akamfuata hadi gereji ahakikishe, na alipoona kazi inayofanywa akatoa sigara, akaichambua mwenyewe kwa vidole vyake vinene, akatoa ile karatasi nzima bila kuipasua, kisha akabaki kutazama.

Nataka kuieleza kazi ile vizuri, kwa sababu tangu siku ile mimi mwenyewe naifanya hivyo.

Fundi alitoa plagi ya kwanza, ile ya karibu na rediata. Akaweka kidole gumba kwenye tundu. Akaniambia nizungushe hendeli ya mbele polepole, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Nilizungusha. "Bado," akasema. "Bado. Bado. Hapa!" Upepo wa ndani ulikuwa umesukuma kidole chake. Hapo akaangalia alama iliyochongwa kwenye puli, akanifanya niisogeze unywele mmoja mpaka ikatazamana na kijiti cha chuma kilicho kando yake. Kisha akafunua distributa. Ndani mna pointi mbili ndogo, zinafungana na kuachana kama midomo, na zinapoachana ndipo cheche inaruka. Akaweka ile karatasi katikati ya midomo ile. Akaishika kwa vidole viwili, anaivuta kwa nguvu ya mtu anayetoa uzi wa buibui usoni mwa mtoto aliyelala, na kwa mkono wa pili anazungusha kikopo kidogo, kidogo. Karatasi imeshikwa. Imeshikwa. Hata yule Mkamba alinyoosha shingo.

Karatasi ikateleza, ikatoka.

"Hapo," Fundi akasema kwa sauti ya chini, akakaza nati.

Aliwasha. Sijui niwaambieje. Lori la baba lilikuwa likiimba hivyo nilipokuwa nasinzia mapajani mwake nikiwa mdogo. Nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa likiimba. Nabwire aligeuza uso, akajifanya anatazama matoke.

Tulimlipa, tukatoka kulijaribu njia ya Alupe pamoja naye. Mwendo mdogo, asali. Nikaongeza. Na palepale kwenye mlango wake, tetemeko likaingia, nyayo, magoti, meno.

Nilisimama. Nadhani nilikuwa karibu kulia, mimi mtu mzima.

"Usihuzunike," Fundi akasema. "Gari ilikuwa na ugonjwa mbili. Injini imesema mambo yake yote, imemaliza. Hii nyingine si ya injini."

"Unajuaje?"

"Wewe utajua mwenyewe. Tafuta mteremko. Kimbia mpaka itetemeke, kisha toa gia, acha injini ipumue, gari iteremke yenyewe. Ikinyamaza, nitukane, ni injini. Ikiendelea kutetemeka, ni kitu kinachozunguka pamoja na njia. Magurudumu, au propela. Gari inakuambia, lakini lazima uiulize swali moja moja."

Nilimwomba aje nasi. Alikuwa na basi limefunguliwa tumbo chini ya mabati yake, na watu wa basi wamekaa juu ya mizigo yao wakimtazama. Mvua ikaanza, barabara ikawa sabuni. Hatukutoka tena siku ile. Treni ilikuwa kesho.

Alupe

Jumamosi mapema tuliondoka. Ukungu ulilala juu ya majani, ng'ombe walisimama ndani yake hadi shingoni. Nilipata mteremko mrefu karibu na Alupe. Nilikimbiza lori mpaka likatetemeka, nikatoa gia, nikasikiliza.

Injini ikashuka, ikawa mnong'ono. Lori likateremka lenyewe ndani ya ukungu, na tetemeko likaendelea, halikujali hata kidogo. Kwa kweli ilipendeza kulisikia likiwa peke yake, bila kelele nyingine, kama ngoma ya kijiji cha mbali. Nilijua sasa liko wapi, au angalau halipo wapi.

Tuliegesha. Nikakagua nati za magurudumu, zote zimekaza. Nikachokoa matope yaliyoganda ndani ya rimu, nikatazama kama kuna jiwe limebanwa kati ya tairi mbili za nyuma. Hakuna. Nikainua kila gurudumu kwa jeki, nikalizungusha, yote yalizunguka kwa unyoofu. Jua lilikuwa limepanda. Nililala chini ya lori nikatazama ile propela, safi, inang'aa, na sikuona kosa lolote. Nililala tu pale. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Senge, na hayakuwa na mwisho mzuri.

Ndipo nikaona miguu. Miguu minane, kisha wa tisa na wa kumi nyuma yake. Nikachungulia. Wanaume wanne walikuwa wamebeba kitanda mabegani, mzee amelala juu amefunikwa blanketi, wanampeleka hospitali. Nyuma alifuata mama mmoja na kibuyu. Mbele, kushoto, alikuwa mtu mrefu sana. Nyuma, mrefu mwingine alikuwa kulia. Wafupi wawili walishika pembe zilizobaki. Kitanda kilijipinda kila hatua kama nguo inayokamuliwa.

"Mnanipeleka hospitali au mnanipepeta?" mzee alilalamika kutoka blanketini. "Mimi si mtama!"

"Simameni," mama akaamuru. "Nyinyi wanaume hamna macho? Warefu wote upande huu. Wafupi upande ule."

Wakakishusha mbele ya lori letu, wakabadilishana, wakakiinua. Sasa kitanda kiliinamia upande mmoja, lakini hakikupinda tena. Mzee alijishika ukingo.

"Hapo," akasema. "Nilale upande, lakini nilale."

Wakaenda. Na mimi, nikiwa bado chali, niligeuza macho nikatazama propela, na nikaiona.

Propela yetu ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na kila kipande kina uma kwenye ncha yake, pale krosi inapokaa. Uma wa mbele ulikuwa umesimama. Uma wa nyuma ulikuwa umelala. Mrefu kushoto, mrefu kulia. Nilipobadilisha krosi nilivichomoa vile vipande, na nilipovirudisha niliviingiza pale vilipokubali.

"Nabwire! Njoo uone."

Alijilaza kando yangu na gauni lake hilohilo. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole pale. Kisha akasema, "Kaka, hapo palikuwa na madoa mawili meupe. Moja huku, moja huku."

Nilikumbuka. Baba alikuwa akiifungua propela mara nyingi, na alipoirudisha alisema, "Nyeupe kwa nyeupe," basi. Hakunieleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Miaka yote nilifuata nyeupe kwa nyeupe. Safari hii sikuona nyeupe yoyote, nikadhani rangi ilishakwisha yenyewe.

"Ulifanya nini na hayo madoa?"

"Niliyasugua." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kuku wanalala chini ya lori kila siku. Nilifikiri ni mavi ya kuku."

Nilimtazama, na yeye akanitazama, uso wake una mstari mmoja wa grisi kama wa mganga. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye sanduku la gia. Naye akaanza, huku machozi yakimtoka, na tulikaa pale chini ya lori la baba tukicheka kama wendawazimu. Bibi mmoja Mteso kutoka boma la jirani aliinama akatuchungulia, akauliza kwa Kiswahili chake kama tumegongwa.

"Hapana, bibi. Tumepona."

Alikwenda akarudi na atap, ule ugali wao mweusi wa wimbi, na mchuzi mzito wa njugu. Alitusimamia tukala kwanza, kwa mikono yenye grisi, hakutaka kusikia habari ya treni. "Treni ina tumbo yake," akasema. "Wewe una yako."

Kisha nikafungua bolti nne za nyuma, nikachomoa kipande, nikakizungusha mpaka uma mbili zikasimama pamoja, nikakirudisha. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Jua lilikuwa limevuka utosi tulipowasha.

Nilikimbiza lori. Nikapita pale mlangoni pa tetemeko, na hapakuwa na mtu. Nikaongeza. Milima ilikaa ndani ya kioo kama imechorwa. Nabwire aliweka kiganja juu ya dashibodi akakiacha hapo hadi Malaba.

Malaba

Treni ilikuwa imesimama stesheni. Ilikuwa na mabehewa mengi, na watu wa reli walikuwa bado wanapita na nyundo zao wakigonga magurudumu, wanasikiliza, wanasonga mbele. Senge Taaka alikuwa amekaa juu ya sanduku. Kando yake alisimama mtoto mrefu kuliko nilivyomtunga, mwenye masikio ya baba.

"Umechelewa, mwana wa kaka," Senge akasema.

"Nimechelewa, Senge. Shikamoo."

"Marahaba. Ajiambo, huyu ndiye kaka yako Wandera, yule wa mwaka jana. Yule ni Nabwire."

Nilimsalimu mtoto kwa Kisamia, na akamtazama Senge. Hakuelewa. Alikuwa amekulia kwenye nyumba za reli, kati ya Wateso na Waganda na Wajaluo, na Kisamia hakikuwa kimekaa. Nikarudia kwa Kiswahili. Akanijibu vizuri, kwa adabu, kama mtu anayejibu mgeni.

Senge alilitazama lori. "Bado inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Mwaka jana pia ulisema ni kidogo tu." Akamshika mtoto mkono. "Tupande. Nitaona mimi mwenyewe."

Mume wake akaita kutoka kwenye dirisha la behewa kwamba muda umekwisha. "Waambie wangoje!" Senge akamjibu, kana kwamba treni ni ya shangazi zake.

Walipanda, Senge katikati na Ajiambo mapajani mwake, mikono ya mtoto imeng'ang'ania gauni, anakumbuka ile mara ya kwanza. Nabwire akasimama kwenye ngazi ya nje. Nikaendesha kutoka stesheni hadi sokoni, nikapata kipande kilichonyooka, nikaongeza mwendo. Nilikuwa namtazama Senge kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaza taya, anangoja. Tukapita ule mwendo. Taya ikalegea. Tulipozunguka mwisho wa soko niliona vidole vya mtoto vimeachia gauni. Kichwa kilianguka kifuani kwa Senge, mdomo wazi.

Nikaelekea stesheni.

"Usisimame," Senge akasema kwa kunong'ona.

"Senge, treni..."

"Najua treni. Zunguka tena."

Nikazunguka tena. Injini iliimba, nyumba za Malaba zilipita taratibu, na yeye hakutazama nje hata mara moja. Alikuwa anaangalia utosi wa mtoto. Nilikuwa nimebeba jambo hili miaka minne kama deni langu mimi peke yangu, na sikuwahi kufikiri kuna mtu atakayeachwa na mikono mitupu. Tulipita mbele ya stesheni, sikupunguza. Nikazunguka mara ya tatu bila kuambiwa.

"Basi," akasema mwisho. "Hapa."

Alijitoa chini ya mtoto polepole kuliko ile karatasi ya sigara ilivyotoka, Nabwire akaingia mahali pake, kichwa kikahamia mapajani mwake na mtoto hakuamka. "Hapendi uji mchachu," Senge akasema. "Msimlazimishe. Na usizime injini mpaka nimepanda. Akiamka akiniona, sitaweza."

Sikuzima. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye behewa, mgongo umenyooka, hakugeuka. Treni ikavuta.

Kurudi

Ajiambo aliamka tulipopita Alupe. Alimtazama Nabwire, akanitazama mimi, akatazama nyuma. "Senge yuko wapi?" Nikamwambia ukweli. Alilia hadi Busia, akanyamaza, akalia tena hadi Sigalame. Nilikuwa nimefikiri gari likitulia kila kitu kitatulia. Sikumwambia anyamaze. Niliendesha tu.

Mengine mnayaona wenyewe. Anakwenda kuchunga na Ouma, anaokota maneno ya Kisamia, matusi kwanza. Mchana hana shida. Lakini wiki ya kwanza jua likizama alikuwa anakaa macho kitandani, anatazama paa, hata Nabwire alishindwa. Jioni ya nne nilimkosa ndani. Nilimkuta kwenye lori, amekaa katikati ya kiti, palepale alipokuwa amekaa na Senge.

"Washa," akasema.

"Twende wapi?"

"Hatuendi. Washa tu."

Nikawasha, nikakaa kando yake bila kumgusa, mikono juu ya usukani, tukatazama mbele kama watu walio njiani. Alipolala nilizima, nikambeba ndani.

Kwa hiyo nyinyi mnaopita jioni mkasikia lori likinguruma uani na haliendi popote, mkaulizana kama Wandera ameanza kurukwa na akili na petroli yake, ndiyo hivyo. Huwa nampa robo saa. Jana alilala kabla injini haijapata joto.